Lugha ya Mawindoni

9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kutoka nyumba ya mabati, ambayo bado inavuja palepale ulipopaacha. Mama yupo, macho yanamsumbua lakini mdomo mzima. Anauliza mguu wako wa kushoto unaendeleaje kwenye sakafu za saruji za huko mjini. Nami nauliza, maana mtego uliokubana ulikuwa wangu. Ulikuwa na miaka sita na mpaka leo unauburuta kidogo, na mpaka leo mimi naona haya. Wifi yako anakusalimu. Mumeo mwambie ile redio aliyonitengenezea sasa inashika stesheni moja tu, nayo ni ya mahubiri, kwa hiyo mimi ni mtu mwema siku hizi bila kupenda.

Sasa habari yenyewe. Mwezi uliopita nilimpiga tandala jike kule bondeni. Usiogope kwa ajili ya ofisi yako ya wanyama, ilikuwa upande wetu wa mto, ule tulioachiwa walipotuhamisha kutoka msituni. Mshale mmoja tu. Nilipoinama kumchuna nikakuta chuchu zina maziwa. Unaikumbuka kanuni ya baba: ukimwondoa mama, wewe ndiye mama, na hushiki tena upinde mpaka mtoto aondoke kwa miguu yake mwenyewe. Nilimtafuta siku mbili. Alikuwa amelala kwenye nyasi, masikio tu ndiyo yanaonekana, anamngoja mtu ambaye nimeshambeba begani.

Tunamnywesha maziwa ya mbuzi kwa chupa. Wifi yako amempa jina la Shemeji, kwa sababu anaonekana wakati wa kula tu. Usimwambie mumeo.

Namfundisha lugha ya mawindoni. Nikimtaka aje namwambia "nenda". Nikitaka atoweke namwambia "njoo". Kama baba alivyotufundisha sisi, ili mgeni akimwita kwa maneno ya watu, akimbie. Unakumbuka mama akituita "njooni mle" nasi tunatimua mbio vichakani tukicheka? Hakuwahi kuikubali lugha ile, na wifi yako anasema ni uchizi. Tuliobaki nayo ni mimi na wewe.

Nenda, mdogo wangu. Unajua nina maana gani.

Kaka yako


14 Machi

Kaka,

Barua yako imefika na harufu ya moshi wa nyumbani, nikainusa kabla ya kuisoma. Sisi wazima. Mguu haunisumbui isipokuwa kwenye ngazi, na masijala yetu iko ghorofa ya tatu. Mwanao, mpwa wako huyu, anajua kusoma sasa, anasoma mpaka maandishi ya kwenye sabuni. Mume wangu anasema redio ni nzima, mbovu ni mwenye redio.

Kazini ni yaleyale. Nafunga mafaili kwa uzi, nagonga mihuri, nachemsha chai. Mwaka wa nane huu bado naitwa kibarua. Kila anayekuja ananikuta, ananiuliza faili liko wapi, halafu yeye anathibitishwa na mimi nabaki na uzi wangu.

Habari za Shemeji nimezisimulia wakati wa chai. Wamecheka mpaka mmoja akamwaga chai kwenye daftari la barua. Bosi mwenyewe alichungulia mlangoni akauliza kuna nini. Neno lenyewe sikulitaja, usiwe na wasiwasi. Nilisema tu kuwa ana neno lake.

Mbusu mama kwa ajili yangu.

Mdogo wako


20 Agosti

Mdogo wangu,

Nimekawia kwa sababu gari la zahanati lililokuwa likibeba barua liliharibika, na dereva alikuwa anangoja kipuri kama mtu anayengoja mvua. Mama alipata homa, imepita. Mguu je?

Shemeji ameachishwa chupa. Ana mistari myeupe ubavuni kama aliyemwagikiwa chokaa, na vinundu viwili kichwani ambavyo anavisugua kwenye nguzo ya jiko mpaka sufuria zinaanguka. Amekula maharage ya wifi yako mstari mzima. Juzi mwalimu alipita hapa, akamwona, akapiga goti kwa upole na kumwambia "njoo, njoo". Mnyama alitoka mbio akaruka ua. Mwalimu ameudhika mpaka leo, anadhani nimemsema vibaya kwa tandala.

Mimi sijagusa upinde tangu siku ile. Uko ukutani na podo lake, na vijana wananiita mwindaji wa maharage. Wacheke tu. Wewe unajua mimi sina kazi nyingine niliyofundishwa. Kulima nalima kama mtu anayezika. Kinachonipa moyo ni kwamba mnyama huyu ameanza kulala nje, siku moja, siku mbili, halafu anarudi kuniangalia kama bado nipo. Akimaliza mwezi mzima bila kurudi, nitajua ameondoka kwa miguu yake, nami nitaushusha upinde.

Nenda. Mama anakuhesabia siku za likizo.

Kaka yako


6 Oktoba

Kaka yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, namsalimu mama sana, namsalimu wifi, nawasalimu hata mbuzi. Nimetuma dawa ya macho ya mama, shati lako, na khanga mbili. Shati ni kubwa kidogo, nilikuwa nakukumbuka ulivyokuwa kabla ya maharage.

Ofisi yetu inafungua bustani ya wanyama karibu na kituo kikuu cha mabasi, ya watoto wa shule. Shughuli ni nyingi, kwa hiyo likizo ya mwaka huu sipati. Mwambie mama nimeumia kuliko yeye.

Bosi aliniita ofisini kwake. Ana zulia, kaka, mguu wangu haukutoa sauti hata kidogo. Aliniuliza kama ni kweli kuna tandala anayekuja akiitwa. Nikamwambia ni kweli, kaka yangu hasemi uongo. Alifurahi kusikia.

Nami nimebaki namfikiria huyo Shemeji. Siku hizi anakunywa maji wapi, na saa ngapi? Nauliza tu. Mwanao anataka kumchora, anataka ajue na mawe yaliyopo na mti uliopo. Niandikie yote usiache kitu.

Mdogo wako akupendaye


2 Desemba

Mdogo wangu,

Shati linanitosha mimi na Shemeji kwa pamoja. Asante. Mama amepaka dawa na anasema sasa anamwona wifi yako vizuri zaidi kuliko alivyotaka. Alilia kidogo kuhusu likizo, ikaisha. Mguu unaendeleaje?

Mwambie mwanangu achore hivi. Ni palepale kwenye kivuko ulipobanwa na mtego. Lile jiwe jeupe bado lipo, na mkuyu umepata tawi jipya upande wa maji. Shemeji anakuja jua likigusa jiwe, si mapema wala si baadaye. Anasimama kwanza nyuma ya mkuyu, anapeleka sikio moja mbele na moja nyuma. Nikimwambia "nenda" kwa sauti ya chini, anatoka, ananinusa kiganja, ndipo anakunywa. Pembe zimefika urefu wa kidole changu cha kati.

Ila aharakishe kuchora. Safari hii amekaa siku kumi na saba bila kurudi, na aliporudi hakukaa hata robo saa. Mwili wake uko hapa, macho yako ng'ambo. Nimeupaka upinde mafuta. Wifi yako ananitania kuwa nimeupaka kama bwana harusi anavyojipaka. Nina furaha, mdogo wangu, sina mwingine wa kumwambia hivyo akanielewa.

Nenda, hata bila likizo.

Kaka yako


11 Januari

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Mama yupo.

Shemeji amechukuliwa. Siku ya pili baada ya mwaka mpya nilifika kivukoni na jua liko juu ya jiwe, nimechelewa kwa sababu mama aliomba nimpelekee kuni. Nimeisoma ardhi kwa magoti. Gari lilisimama ng'ambo ya kichaka, magurudumu mapana. Watu wenye buti, wawili, wamejificha kwa muda mrefu, mmoja anavuta sigara. Kamba. Turubali limeburutwa.

Lakini kinachonisumbua ni nyayo zake yeye. Hakukimbizwa. Alitoka nyuma ya mkuyu akatembea taratibu, hatua za mnyama aliyeshiba, mpaka mikononi mwao. Aliitwa. Na aliitwa kwa neno lake.

Mengine niliyoyaona nitakueleza siku nyingine. Wifi yako hasemi nami kwa sababu nimechukua karai lake la kufulia na sitaki kulirudisha, nina kazi nalo.

Nakuuliza, kuna mtu ulimwambia?

Mama anauliza mguu unaendeleaje.

Kaka yako


30 Januari

Kaka,

Pole sana. Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Roho imeniuma, yule mnyama ni kama wa kwetu sote.

Hapana, kaka. Hakuna mtu niliyemwambia neno. Labda ni majangili, siku hizi wana mbinu nyingi, wanatumia hata filimbi. Labda aliwazoea watu tu. Umemlea mkononi, ataacha kumwamini mtu vipi? Usijilaumu. Ofisini sijasikia lolote.

Huku kuna neema kidogo baada ya dhiki ndefu. Nimethibitishwa kazini. Barua ina muhuri, nimeugonga mwenyewe maana mwenye muhuri ni mimi. Tumepewa na nyumba ya ofisi, vyumba viwili na maji ndani. Mwanao anafungua bomba na kulifunga kutwa nzima. Nilitaka nikuambie siku nzuri zaidi ya hii.

Mguu hauna neno.

Mdogo wako


4 Machi

Mdogo wangu,

Hongera. Nimemsomea mama habari ya nyumba mara mbili. Akasema maji ndani ni kitu kizuri.

Hapa tunakula maharage. Upinde uko ukutani na mafuta yake. Nimejaribu kumweleza wifi yako kwa nini siwezi kuushika na hakuna tena mnyama wa kulea, akasema basi si ndiyo imekwisha. Haijaisha. Baba hakusema mpaka mtoto atoweke, alisema mpaka mtoto aondoke kwa miguu yake. Huyu ameondoka kwa magurudumu. Kwa hiyo sitawinda tena, si mwaka huu wala ule mwingine. Nina miaka arobaini na mbili na nimekwisha kustaafu.

Mvua zimeanza. Kila asubuhi nakwenda kivukoni kuangalia kama karai liko mahali pake. Wifi yako anadhani nimerukwa na akili.

Nakuuliza mara ya pili yale niliyokuuliza Januari. Sina haraka. Jibu polepole.

Na mguu?

Kaka yako


28 Machi

Kaka,

Sitakusalimu kwa maneno mengi maana sina uso.

Ni sisi tuliomchukua, yaani ofisi. Yuko kwenye bustani ya wanyama. Siku ile ya chai neno lilinitoka, nilikuwa nacheka, watu wanacheka, likatoka tu. Bosi akalishika. Mimi sikujua watakwenda. Nilikuja kusikia alipokwisha kufika, na wakati huo barua yangu ya kuthibitishwa ilikuwa mezani. Ningefanya nini? Ningeirudisha? Niambie wewe. Miaka minane, kaka. Waliniahidi kuwa atatunzwa kuliko porini, atakuwa na daktari wake.

Nakuandikia kwa sababu hali yake si nzuri. Amewekwa kwenye uzio wa nyavu, na nyasi wanazomletea hali. Watoto wa shule wanakuja kwa mabasi, wanashika nyavu, na unajua watoto, wanamwita. "Njoo! Njoo!" Darasa zima kwa pamoja. Naye kila akisikia hivyo anakimbia, na pa kukimbilia hana, anajipiga kwenye nyavu za upande wa pili. Watoto wanafikiri anacheza, wanaita tena. Pembe ya kulia imevunjika. Bosi amesema niulize kwa kaka yangu anakula nini. Lakini nakuuliza na mimi mwenyewe, sikuulizii ofisi peke yake.

Nisamehe kwa lile neno. Ni neno tu nililotoa. Mimi sikuwepo.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Kwanza mnyama. Nyasi hataki, yeye ni wa majani. Mkatieni matawi yenye majani mabichi, myafunge juu usawa wa shingo yake, msiyatupe chini. Chumvi jiwe moja. Nyavu zifunikwe kwa magunia pande tatu asiwaone watu, na watoto wasimame upande mmoja tu. Na asiwepo mtu wa kumwambia "njoo". Andikeni kwenye ubao. Wewe ndiye mwenye mihuri, ugonge na muhuri.

Sasa wewe.

Machi ya mwaka jana uliniandikia kuwa neno hukulitaja. Machi ya mwaka huu unasema lilikutoka siku ileile. Hayo nayaacha, mtu husahau. Lakini umeandika hukuwepo.

Chini ya karai la wifi yako, kando ya jiwe jeupe, kuna nyayo mbili za viatu vya kike. Wa kulia umekanyaga sawasawa. Wa kushoto umeacha mfereji nyuma yake, mwembamba, unaopinda kidogo kuelekea ndani. Mfereji ule naujua tangu ulipokuwa na miaka sita, maana niliutengeneza mimi. Niliuona siku ileile, mdogo wangu. Kabla ya kuona gari, kabla ya kuona kamba. Nilikimbia nyumbani kuchukua karai, mvua isiufute, kwa sababu nilijua nitaulizwa na moyo wangu kama niliona vibaya.

Shemeji asingemtokea mwanamume mgeni hata kama analijua neno. Anajua sauti yangu na ya mama, na yako ni ileile ya mama. Ulisimama kwenye jiwe lile, mahali nilipokubeba mgongoni damu yako ikinichuruzikia mpaka kisigino, ukamwambia "nenda" kwa sauti ya chini kama nilivyokueleza kwenye barua. Kila ulichoniuliza nilikuandikia. Mwanangu anataka kuchora, ulisema. Nilikupa mpaka sikio moja mbele na moja nyuma.

Nilikuuliza mguu. Januari nilikuuliza, Machi nikakuuliza. Kila mara nilikuwa nakufungulia mlango uingie mwenyewe. Ungesema tu, kaka, nilikuwepo, niliogopa kufa kibarua. Ningekasirika, ningetupa vitu, halafu yangekwisha, maana ni wewe. Ulijibu hauna neno.

Na mama. Nilitaka nimfiche, lakini alinifuata kivukoni akishikilia mkono wa wifi yako, akataka kujua karai linafunika nini. Nikaliinua. Macho yale uliyoyaletea dawa yaliona vizuri. Akaniuliza kutoka hapa mpaka kitandani kwake ni hatua ngapi. Nikampimia. Ni mia nne na kidogo. Akasema, basi alifika mpaka hapa na hakunisalimia. Kuhusu mnyama hakuuliza kitu. Hilo la hatua mia nne analirudia kila siku akiwa peke yake, anadhani hatumsikii.

Unaikumbuka kanuni ya baba ilivyoanza? Ukimwondoa mama, wewe ndiye mama. Mama wa Shemeji nilikuwa mimi. Sasa ni wewe. Kila asubuhi kabla ya kupanda ghorofa ya tatu utapita kwake na majani, utasimama akuone, na utamwambia lile neno ulilomwambia siku ile, uone kama atatoka nyuma ya gunia. Hutashika kilicho chako kwa raha mpaka aondoke kwa miguu yake mwenyewe. Sijui utafanyaje. Mimi nilikuwa nimebakiza siku chache.

Upinde nimeukata kamba. Karai nimemrudishia mwenyewe, mvua ya leo itamaliza kazi iliyobaki.

Mama anasema nikuandikie uje. Amesema hivi, na nimeandika alivyosema: "Mwambie mwanangu njoo." Unamjua, hakuwahi kuikubali lugha yetu, njoo yake ni ileile ya kuja kula.

Nami nakuambia kwa lugha yetu, mdogo wangu.

Njoo.

Kaka yako